Taa ya Jokofu Bovu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, na huo umeshakuwa mwanafamilia. Wifi yako anakusalimu. Karakana inakwenda: majokofu ya watu yanakufa, nami nakula.

Nimeucheza huo mchezo wako wa hadithi, wa kusoma na kubonyeza. Ulitaka neno langu kabla hujaukabidhi kwa kampuni, kwa kuwa msichana wa humo ni marehemu mwanangu Njiti kabisa. Haya, neno lenyewe: mwisho ni wa kulazimisha. Mtoto anaumwa kama watu wanavyoumwa, anakufa kama watu wanavyokufa. Halafu eti baba anafungua jokofu bovu uani, taa inawaka, akifunga mlango mtoto huyo hapo, amesimama! Jokofu halina hata waya! Mimi nikimwambia mteja friji lake limepona kwa muujiza, atanielewa?

Wangu hakurudi. Wako arudi kwa kazi gani? Ondoa.

Kinachonichanganya ni kwamba nililia. Sikukutuma unilize.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole na mgongo. Mimi sijambo, ila barua yako nimeisoma mara nne.

Ukisema tena, nitaondoa. Lakini lile faili ulilonitumia mchezo ulipogoma linaonyesha kurasa ulizosoma. Hospitali umeisoma neno kwa neno. Uani, kila mahali mtoto anapocheza, umebonyeza "ruka". Kaka, ile taa haikuanza kuwaka mwishoni. Inawaka tangu sura ya pili. Mtu akiruka kuta zote, si ataona paa limening'inia hewani? Sasa aliyelazimisha ni nani?

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi. Hapana, si kazi.

Nilimwambia wifi yako kwamba niliruka ili kuokoa muda. Akacheka: "Wewe? Muda wa kubishana na redio unao!" Akavuta kiti, tukasoma zile kurasa za uani pamoja. Njiti anafungua mlango wa jokofu zima, lililo kando ya lile bovu, anafunga, anafungua kidogo tena aifumanie taa ikizimika. Ndivyo alivyokuwa, jamani. Na baba anafoka kutoka ndani, "Funga, umeme huo!" Sauti yangu hiyo umeitoa wapi? Kisha mtoto anamnong'oneza mwanasesere: "Hata lile bovu la uani huwaka. Baba hajui tu."

Basi uliniambia. Nakubali. Lakini jambo lisilowezekana, ukinidokezea mapema, ndiyo linawezekana? Au umenizoesha tu, kama mtu anavyozoea friji linalonguruma? Nimejenga karakana hii kwa hesabu za kichwani, na hii hesabu inanigomea. Wifi yako anasema kumrudisha ni haki ya mtoto. Mimi nasema ni kutuchezea sisi tuliobaki. Asubuhi tukaamka tumebadilishana: yeye analalamika, mimi nakutetea. Sielewi nilivyofika huko.

Kaka yako

4 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Msalimie sana wifi.

Nimebadilisha kitu kimoja. Baba akishika mpini wa lile jokofu, mchezo sasa unauliza: "Fungua" au "Acha". Ukiacha, hadithi inaisha pale pale, bila muujiza na bila kukulaumu. Kampuni wanataka kazi yao Ijumaa. Ukisema hapana, siwapi, na sitakununia.

Mdogo wako

10 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sote wazima, mgongo nao haujambo.

Wakabidhi. Bado nasema umelazimisha, na ukiniuliza mwakani nitasema hivyo hivyo.

Nimefika kwenye swali lako. Sijabonyeza. "Acha" kidole kinakataa. Na nikifungua, taa ikiwaka, akisimama pale, si ndiyo basi tena, majina ya waliotengeneza yanapita na mchezo umekwisha? Nikatoka kidogo kunywa maji. Niliporudi, baba bado ameshika mpini. Huu mchezo wako hauna haraka na mtu.

Unanijua mimi. Hata chaja ya simu naichomoa kabla ya kwenda kazini. Leo wifi yako kanipigia karakanani, mkali: "Nani kaacha kompyuta inawaka tangu juzi?"

Nikamwambia ni mimi, na asiizime.

Kaka yako