Glavu za Bustani za Marehemu Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Dada wa mgonjwa
Umri: Miaka 54
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Chumba cha nyuma ya duka la vitambaa

Nimekuja kwa hiari yangu kumsemea wifi yangu, mke wa mdogo wangu, aliye mahabusu tangu jana kwa tuhuma za kumtilia mumewe sumu kwenye chai.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, yaani jana, saa tatu asubuhi, mimi, mdogo wangu na wifi tulifungua stoo ya marehemu mama, iliyofungwa miaka miwili. Wifi ndiye aliyetaka isafishwe, kwa kuwa buibui wenye sumu walishaonekana kwenye kuni na wanawe huchezea hapo. Nilikubali kwa mdomo tu. Moyoni niliona anafuta nyayo za mama.

Kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha: jembe, ndoo ya kumwagilia, kapu la mbegu. Hata harufu ilikuwa yake, ya udongo na sabuni ya kipande. Enzi za uhai wake, mama hakuturuhusu kutia mkono penye giza. Ilibidi tuchokoe kwanza kwa fimbo. Glavu zake za bustani alizipiga ukutani mara tatu ndipo azivae. Tulimwigiza, tukacheka. Alisema, "Chekeni tu. Buibui hapigi hodi."

Saa tatu na nusu tulikunywa chai ya wifi, wote kutoka chupa moja. Kisha mdogo wangu akaziona zile glavu msumarini. Alizinusa. Wifi akamwambia, "Baba watoto, zikung'ute kwanza."

Akajibu, "Niache nishikane mkono na mama." Akazivaa. Mimi nilitabasamu.

Alishtuka, akaivua ya kulia. Akadondoka buibui mweusi, tumbo la mviringo, lina doa jekundu. Wifi alimfunika kwa chupa ya jamu, akamwosha mumewe kidole kwa sabuni, akaweka kitambaa cha maji baridi. Nilitaka kuchanja kwa wembe. Akanizuia: "Hapana, wifi. Twende hospitali."

Njiani tumbo lilimkaza kama ubao, jasho likamtiririka. Baba yetu mdogo alifika wodini saa saba, akasikia habari ya tumbo na chai, akaja kwenu kumshtaki wifi. Wifi alipochukuliwa aliniangalia. Nilinyamaza. Sikumwogopa mtu, nilikuwa bado na kinyongo cha stoo.

Leo saa mbili asubuhi mdogo wangu ameweza kusema. Hakuuliza habari ya kidole wala tumbo. Aliuliza, "Mke wangu kaenda wapi?" Nikamwambia anakuja. Nikapitia stoo kuchukua ile chupa ya jamu yenye buibui, ndiyo hii mezani.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyoyanyamazia.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo, amekiri ni yake. Chupa yenye buibui imepokelewa. Daktari amethibitisha kwa simu kuwa mgonjwa aling'atwa na buibui. Mahabusu ameachiwa saa 5:20 asubuhi. Shahidi aliruhusiwa kuondoka mapema; alikataa, akamngoja wifi yake mlangoni akiwa amesimama.