Mwanga Uliosimama Juu ya Ulezi

Mama Rosina wa safu ya ushauri, shikamoo. Naomba uniokoe kwa sababu mwisho wa mwezi huu wazee wangu wanapanda kutoka Muze kwenda Kasense kunitolea mahari na naona mambo yataharibika. Mimi nafanya utafiti wa vitu vinavyoonekana angani na watu wasijue ni nini, nazunguka Ufipa na pikipiki, dira na kamera, namuuliza aliyeona alisimama wapi, aliangalia upande gani, kisha nalinganisha na nyota, ndege na moto wa nyika, na ingawa vijana wa stendi Sumbawanga wananitania eti nasaka wachawi wa ungo, kazi hii naipenda mno.

Sasa baba mkwe mtarajiwa, Mzee Eustaki, aliona mwanga juu ya shamba lake la ulezi. Nilipokwenda kumhoji nikapokewa kama mkwe, familia nzima ikakaa, tukala, mzee akasimulia kwamba mwanga ulisimama mpaka aliposali rozari ndipo ukaondoka, na kila niliyemgeukia akasema hivyohivyo. Mchumba wangu, Klementina, alitabasamu tu akaleta maji ya kunawa. Baadaye niligundua kwamba jioni ile zilipita setilaiti zimefuatana mstari mmoja, wala hazikusimama popote. Mzee ameshatangaza kanisani kwamba siku ya mahari mkwe wake mtaalamu atathibitisha mbele ya watu. Nikithibitisha nimedanganya, nikikataa nimemwaibisha na huenda nikamkosa Klementina. Nifanye nini, mama? Majina nimeyabadilisha.

Shija, Muze

Marahaba, mwanangu. Nimecheka, kisha nikakuonea huruma, kisha nikakasirika. Mtafiti gani anahoji mashahidi wote kwenye sinia moja? Nani angempinga baba yake mbele ya mkwe? Ungekula, ukashukuru, halafu ukaomba kila mmoja akuonyeshe shamba kwa wakati wake. Hakuna ambaye angekasirika.

Usithibitishe uongo. Ila usimsahihishe mzee mbele ya wakwe, hilo hata mimi nisingekusamehe. Nenda mapema, kamera iache nyumbani. Mwambie hakuota, alichokiona kilikuwepo kweli na wewe umekijua ni nini. Mweleze kwamba mtu akishtuka, hata kitu kinachopita anaweza kukiona kama kimesimama. Rozari yake usiiguse, hiyo haikuhusu. Kisha mwombe yeye mwenyewe ndiye awaeleze watu habari za setilaiti. Mzee anayependa kutangaza hatakataa.

Na fanya haraka. Majina umebadilisha, lakini Kasense yote ina mchumba mmoja tu mwenye dira, na gazeti hili linafika huko.

Lakini kabla ya mzee, kuna shahidi umemruka. Umehoji nyumba nzima ukamwacha binti unayetaka kuishi naye, na alitabasamu mbele ya macho yako. Mpigie sasa hivi, muulize yeye aliona nini. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.