Ulisema Niifute

Mpendwa Baba Penina,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya kompyuta yako. Leo mchana tumeiwekea mfumo mpya. Wewe ungeona ni jambo dogo. Ungevuta kiti, ungevaa miwani, ungesoma kwa sauti kila kinachojitokeza kwenye kioo kama unatoa matangazo ya kanisani. Mimi niliogopa.

Kilichonitisha si mashine. Ni lile neno lako. Siku ile wodini, ukiwa umechoka hata kugeuza shingo, ulinishika kidole ukasema, "Mama Penina, ile kompyuta uifute." Nikakujibu, "Sawa, nitaifuta." Nilidhani tutaendelea na maongezi kesho yake. Hukuamka tena ukaongea.

Wakati wa msiba sikuwa na nafasi ya kuwaza. Neno lilinirudia watu walipokwisha kutawanyika, nikabaki na sebule na viti vya kuazima. Uifute. Niifute kwa kitambaa, au nifute vilivyomo ndani?

Angekuwa mtu mwingine amelisema, nisingehangaika. Lakini wewe na vumbi la Dodoma mlikuwa na ugomvi wenu. Kiangazi tukifunga madirisha yote, bado linaingia, linakaa juu ya meza mpaka mtu anaweza kuandika jina lake. Kila Jumamosi ulichukua kipande cha khanga yangu iliyochakaa, ukafuta kioo, ukafuta vitufe kimoja kimoja, ukapuliza nyuma ya boksi lake, ukapiga chafya, halafu ukaniita: "Njoo uone uchafu huu! Nyumba hii ina watu kweli?" Nami nikiwa jikoni nakujibu, "Ina mtu mmoja anayepika na mmoja anayepuliza kompyuta." Mtu wa namna hiyo anaweza kabisa kuwaza vumbi akiwa amelazwa.

Lakini najua pia kilichomo. Unakumbuka ulipochaguliwa kusoma neno ibadani? Kiswahili ulikijulia shuleni kule Gulwe, na r na l hazikuacha kukuponyoka mpaka uzeeni. Jumapili ya kwanza ulisimama ukasoma kwa sauti kubwa na safi, "Bwana, utulehemu." Vijana wa kwaya wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Tulipotoka nje yule fundi wa mageti akakupa mkono: "Mzee, kumbe Bwana naye analehemu! Mwambie aje tusaidiane, mwenzenu nimeelemewa na kazi." Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Njiani hukusema kitu mpaka tumefika nyumbani.

Ndipo ulipoanza kujirekodi. Jumamosi ukimaliza kufuta vumbi ulifunga mlango, ukasoma somo la kesho, ukajisikiliza, ukasoma tena. Ukaniambia, "Haya mtu mwingine asiyasikie. Hata Penina." Kwa hiyo nilikuwa nasikia mlio tu kupitia mlangoni, sauti yako inapanda, inakatika, inarudi nyuma. Mafaili yote uliyaweka mahali pamoja ukapaita Masomo. Tangu uondoke sijayafungua hata mara moja. Nilipitisha macho hapo nikageuka, kama mtu anayepita karibu na mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Sasa sikia ya leo. Penina amekuja kutoka chuoni Chimwaga na kazi yake ya kumalizia masomo. Akaniambia, "Mama, mtandao wa chuo umegoma kufunguka humu. Huu mfumo umezeeka, ulinzi hauletwi tena. Mtu akitaka kuingia humu ndani anaingia tu. Lazima tuusasishe." Na mdogo wako Ndahani alikuwepo, amefika asubuhi kutoka Mvumi na karanga zake. Aliposikia habari ya kompyuta akaweka kikombe chini.

"Shemeji, si kaka alisema ifutwe? Mimi nilikuwepo pale wodini. Nilisikia kwa masikio haya."

Penina akasema, "Baba mdogo, baba alikuwa anaongelea vumbi."

"Vumbi! Mtu yuko kwenye dripu, anawaza vumbi?"

"Baba? Angewaza. Wewe humjui baba."

"Simjui? Nimelala naye kwenye ngozi moja kabla mama yako hajazaliwa!"

Tulicheka wote watatu. Halafu Ndahani akasema polepole kwamba mtu anayeondoka hasemi maneno ya kupoteza, na kama kulikuwa na kitu hukutaka kisikiwe, sisi ni nani mpaka tukibakize. Baba Penina, hapo ndipo baridi iliponiingia. Yeye hajui habari za Masomo. Mimi ndiye ninayejua kwamba kweli kulikuwa na kitu hukutaka kisikiwe.

Penina akataka anakili kila kitu kwenye flashi kabla ya kuanza. Ndahani akapiga paja. "Unaona? Baba yako kasema futa, wewe unaongeza!" Nami nikamwambia mtoto aache, asinakili chochote.

"Mama, ikikwama katikati hakuna kitakachopona."

"Kisipopona, kimeondoka chenyewe."

Aliniangalia sana. Nadhani alielewa. Nilitaka mashine iniamulie. Yakipotea, nitakuwa nimekutii bila kukufuta kwa mkono wangu. Yakibaki, nitakuwa sikukukaidi. Nilijiona nimepata njia, kumbe kompyuta nayo ina maswali yake. Haikuchukua muda ikaandika, kwa Kiswahili kile ulichokichagua wewe mwenyewe: bakisha faili zako, au usibakishe chochote. Penina akaondoa mkono kwenye mausi kama imemuunguza.

"Bonyeza wewe, mama. Mimi siwezi kulibeba hili."

Nilikuita moyoni. Sikusikia kitu isipokuwa feni ya kompyuta na kuku nje. Nikabonyeza bakisha.

Ndahani akasimama, akachukua kofia yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. "Haya, shemeji. Utajibu wewe mbele yake." Akatoka akakaa barazani.

Kioo kikawa cheusi, kukawa na maandishi tu kwamba tusizime kompyuta. Asilimia zilipanda kidogo, zikasimama. Zikasimama mno. Nikamuuliza Penina kama imekufa, akasema bado, nikamuuliza tena, akasema, "Mama, tafadhali." Halafu upepo ukapiga bati, taa ikafifia, na kile kisanduku cha kutunza umeme kikaanza kulia pi, pi, pi. Nilishika boksi la kompyuta kwa mikono miwili. Sijui nilidhani nitafanya nini. Lilikuwa la moto, na lile joto lilinikumbusha kipaji cha uso wako siku zile za mwisho. Nikaomba umeme usikatike, nikasahau kabisa kwamba dakika chache nyuma nilikuwa nimesema kitakachoondoka kiondoke. Sikutaka kiondoke. Nakwambia bila kuficha, hata kama wewe ulitaka.

Umeme ulitulia. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikatukaribisha kwa picha ya ziwa ambalo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuliona. Na pale ilipokuwa Masomo, hapakuwa na kitu.

Nikamtajia Penina jina hilo, akaanza kutafuta. Alifungua hapa, akafunga, akafungua pale. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Nilianza kukwambia kwaheri, kimyakimya, na nikaona sina maneno, kwa sababu mara ile ya kwanza, wodini, pia sikukuaga vizuri.

"Yapo," akasema. "Mama, yapo. Yamehamishwa tu." Akaweka kichwa juu ya meza akalia.

Kutoka barazani Ndahani akauliza, "Yamefutika?"

"Hayajafutika, baba mdogo."

Halafu sauti yake ikaja imekwaruza. "Ni nini hasa mnachokitafuta humo?"

Nikamwambia ni wewe, unasoma. Akaja mpaka mlangoni, kofia mkononi. "Hebu fungulia kidogo, shemeji. Nimsikie kaka."

Nilikataa. Nilimwambia ulisema mtu mwingine asisikie. Nilidhani atabishana, lakini alitikisa kichwa taratibu kukubali. "Basi sikiliza wewe. Utuambie kama ni yeye." Akamchukua Penina wakatoka.

Nimefungua la kwanza kabisa. Kiti kililia. Ukakohoa kidogo. Karatasi ikageuzwa. Halafu nikakusikia ukivuta pumzi ili uanze, ile pumzi yako ndefu ya mtu anayeogopa watu, na hapo nikasimamisha. Sikuweza kwenda mbele. Naogopa kukusikia, na naogopa kwamba hukutaka nikusikie.

Kama ulimaanisha vumbi, utanicheka. Kama ulimaanisha lile lingine, basi hili ni la kwangu na nimelifanya nikiwa na akili timamu. Siwezi kukufuta, Baba Penina. Nitafutie neno lingine la kukutii, hilo limenishinda.

Kabla sijaanza kukuandikia nilitoka kwenda barazani. Ndahani akaniangalia usoni, akauliza, "Ni yeye?"

Nikamwambia, "Ni yeye. Anataka kuanza."

Pumzika, baba. Mimi nipo hapa.

Mkeo,
Mama Penina