Panapokauka Kwanza

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje baada ya upasuaji? Usimbembeleze Mama akufungue bandeji kabla ya siku. Mimi mzima, ila roho iko juu juu.

Tangu uondoke, wateja wa karakana wamenikimbia. Wanachungulia mlangoni, wakiona ni mimi tu wanakumbuka wana safari. Nikaenda chuo cha ufundi kuomba kazi. Mkuu wa maabara akanionyesha oskiloskopu sita za zamani, zile mashine zinazochora umeme kwa mstari wa kijani kwenye kioo, zikisubiri kuuzwa kama chuma chakavu. Nikamwambia zinatengenezeka. Akacheka, akanipa moja. Ikiwaka kabla ya mwezi kwisha, zote sita ni zangu kutengeneza, na kazi nyingine za maabara zitakuja kwetu. Isipowaka, Mjomba, nafunga karakana.

Nilikuta kapasita tatu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zimevimba, moja imepasuka. Nimebadilisha zote ishirini na mbili kwa mkupuo mmoja, kutoka kwenye ile chupa yako yenye kifuniko chekundu. Sasa inalia tik, tik, tik, basi. Nifanyeje?

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Marahaba. Mimi sijambo, bandeji bado ipo. Mama yako ndiye anayeniandikia, kwa hiyo mwandiko huu usidhani ni wangu.

Ishirini na mbili kwa mkupuo! Miaka minane nakuimbia: badilisha moja, washa, sikiliza, ndipo uende nyingine. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mlio huo ni wa mashine inayojaribu kuamka na kuanguka. Kuna shoti. Chomoa bodi, vile vibao vya vipuri, moja moja mpaka mlio ukome, utaijua bodi yenye ugonjwa. Kapasita zangu usiziguse, nilizipima mwenyewe. Na mkono mmoja uwe mfukoni, maana kioo kile kina umeme wa kuua.

(Mama yako hapa. Ukishindwa rudi nyumbani, mwanangu, hakuna atakayekucheka. Anasema niyafute haya. Sifuti.)

Mjomba

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na Mama nampa shikamoo yake. Natumaini mmeamka salama.

Bodi mbovu nimeipata. Nimepima kila kilichomo isipokuwa kapasita zako, kama ulivyoagiza, na sioni kasoro. Jana mkuu wa maabara alipita, akaikuta mashine matumbo nje, akaniuliza kama nahitaji gunia la kubebea. Alipoondoka nililia, sikufichi.

Mjomba, usinikasirikie. Zile kapasita, una hakika ni nzima?

Mpwa wako

24 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Sikukasirika. Siku nzima niliipitia karakana kichwani, rafu kwa rafu, mpaka mama yako akadhani naumwa.

Nilikuwa na chupa mbili, ya kapasita nzima na ya mbovu. Miezi ile ya mwisho nilikuwa nazifungua kwa kupapasa. Nyekundu na kahawia zilikuwa rangi moja kwangu, nikaona aibu kusema. Nadhani nilibadilisha vifuniko. Nimekupa maiti nikakuambia ni wazima, kisha nikakukataza kuwagusa. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Usizing'oe zote; nyingi za chupa ile ni chovu tu, zitahimili kwa sasa, ila zenye shoti ndizo zinazoiangusha mashine. Bodi ya zamani haistahimili kuchomwa lehemu mara tatu, njia zake za shaba zitabanduka. Itoe nje, ipake spiriti kwa brashi, mbali na moto wowote. Ipe umeme mdogo wa betri, kisha tazama tu. Yenye shoti itapata joto. Panapokauka kwanza, ndipo penye ugonjwa.

Mjomba

2 Aprili

Mjomba! Shikamoo mara saba!

Afya nitauliza baadaye, nisikilize kwanza. Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane. Nikapaka spiriti, bodi nzima ikang'aa. Nikahesabu hadi kumi na nne. Kwenye kona pakatokea duara kavu, dogo kama kifungo cha shati. Nikang'oa hiyo moja tu. Nikawasha, bado tik, tik. Nikapaka tena, ikajitaja ya pili. Nilipoing'oa, mlio ukakoma. Nikaweka mbili mpya, baada ya kuzipima mara mbili kila moja!

Tarehe thelathini nikaibeba hadi chuoni, bega mpaka leo linauma. Nikaiwasha. Kioo cheusi. Mkuu akaanza kukohoa kile kikohozi cha kutoa pole. Mimi nikatulia, maana naijua, inataka kupata joto kwanza. Ukaja mstari, Mjomba, wa kijani, mwembamba, umenyooka! Mkuu akavuta kiti akakaa. Wanafunzi wakajaa mlangoni. Akasema, "Fundi, hizo tano uzichukue leo leo."

Tumeshinda!

Mpwa wako

11 Aprili

Mpwa wangu,

Hongera, na hongera tena. Bandeji imetoka. Barua yako nimeisoma mwenyewe, na hii naiandika mwenyewe. Mama yako kawasomea majirani barua hiyo mpaka wamechoka. Lile neno la kurudi nyumbani sasa anasema hakuliandika yeye.

Nimefundisha watu kumi na mmoja. Wote waliniogopa, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nina hakika. Uliponiuliza niliumia siku moja. Leo naona lile ndilo swali bora nililowahi kuulizwa kazini.

Karakana sasa ni yako. Nakuja Jumatatu kuomba kazi. Nitengee kiti na mashine mbili kati ya hizo tano, na ukiona nimekosea, niambie palepale.

Mjomba wako