Tarumbeta ya Marehemu Imeng'aa Kupita Kiasi

Mpendwa Mshauri,

Niwie radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Mara ya mwisho nilikuandikia kulalamika kwamba sentensi zako hazina mwisho. Ulinijibu kwa adabu, nami sikurudisha hata shukrani. Leo ninayehitaji msaada ni mimi, na nadhani sentensi zangu zitakuwa ndefu kuliko zako.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane. Marehemu mume wangu alikuwa mpiga tarumbeta wa kikosi, ndiye aliyewaamsha wenzake alfajiri na ndiye aliyewaaga waliozikwa. Tarumbeta yake ilikanyagwa na lori wakati wa kuhama kambi, akapewa nyingine, na ile iliyobondeka akaja nayo nyumbani, ikakaa juu ya kabati mdomo wake umekunjwa kama sikio la mbwa na shaba yake imekuwa nyeusi yenye madoa ya kijani. Kila fundi niliyempelekea alisema ni chuma chakavu.

Baada ya msiba niliamua kuitengeneza mwenyewe. Nilijifunza kwa fundi bati wa mtaa wa pili, nikafunga jiliwa, kile chuma cha kubania kazi, kwenye ukingo wa karo la kufulia, seremala akanichongea mipira ya mti ya kupitisha ndani ya bomba ili isukume nje palipobonyea, nami nikawa nagonga kidogo kidogo kwa nyundo ya ngozi, kwa sababu shaba ukiiharakisha hupasuka, na kila ilipokuwa ngumu niliipasha moto ilainike ndipo niendelee. Palipoachana nilipatia lehemu. Kisha nikaipiga msasa laini wa maji, nikaisugua kwa dawa ya kung'arishia na fulana kuukuu, hadi nikajiona humo pamoja na miwani yangu. Sitajifanya mnyenyekevu: najivunia kazi hiyo kuliko vyeti vyangu vyote.

Sasa wastaafu wa kikosi wanafungua chumba cha kumbukumbu katika ukumbi wao, na mwenyekiti wa kamati ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, naye pia mwanajeshi wa zamani. Nilimpelekea tarumbeta nimeifunga kwa taulo. Aliigeuza, akainusa, akasema mbele ya wenzake, "Shemeji, hii umeinunua dukani. Kaka alikuwa na tarumbeta, hakuwa na kioo cha kunyolea." Wazee wakacheka. Nikamwonyesha alama ya lehemu, akasema hata kiwandani hulehemu.

Baada ya siku chache alikuja nyumbani, akazungumza kwa sauti ya chini. Alikiri kwamba anajua ni yenyewe, ila kamati haiwezi kutundika kitu kinachometameta katikati ya kofia za chuma zenye kutu, wageni watadhani ni ya bandia, kwa hiyo niiloweke katika chumvi na siki ili izeeke tena. Binti yangu anamuunga mkono; ananiuliza tunamdanganya nani na kitu ni chetu wenyewe. Ndoo ameshaiandaa. Nikikataa, siku ya ufunguzi mume wangu hatakuwa na chochote ukutani. Nikikubali, nitakuwa nimeiharibu kazi yangu kwa mikono yangu, na nimewadanganya wageni, mimi ambaye sikumruhusu mwanafunzi hata mmoja aibie mtihani. Nifanye nini?

Mjane wa mpiga tarumbeta

*

Mwalimu wangu,

Pole kwa msiba, na hongera kwa kazi. Ndoo hiyo imwage leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti. Kitu kilichozeeshwa kwa siki ni kitu cha bandia, hata kama kilikuwa cha kweli jana.

Lakini nawe una kosa, wala sitalifunika kwa sababu ya mvi zako. Ulijifungia na karo lako la kufulia ukaanza kugonga. Je, ulimwita shemeji yako aitazame mara ya mwisho kabla hujaufuta ule weusi? Kwa barua yako, hukumwita. Naye pia amefiwa. Alipofungua taulo alikuwa anamtafuta kaka yake, akakukuta wewe. Maneno yake hayakuwa na adabu, ila mwenye kutaka doa la ndugu yake lirudi hana nia ya kutapeli. Amekosa pa kushika.

Mwalike, na usimkalishe sebuleni. Mpeleke penye jiliwa, mpe mipira ya mti aishike, mweleze ulipoanzia. Kisha andika kadi ya kutundikwa kando ya tarumbeta, na kadi hiyo iseme yote: nani aliipiga, lori liliifanya nini, na nani aliinyoosha, kwa jina lako kamili. Wageni wakisoma hayo hawatauliza kwa nini inang'aa. Kamati ikiikataa, itundike sebuleni kwako na ukaribishe watu. Usiichafue, na usimwombe mtu yeyote radhi kwa sababu umejua kazi.

*

Siku chache baada ya jibu hilo, mwalimu alituandikia tena:

Mshauri, ndoo nimeimwaga, na kosa nimelikubali, ingawa ulimi wako ni mkali. Shemeji alikuja. Alikaa kwenye kigoda karibu na karo, akashika mpira mmoja baada ya mwingine, nami nikamweleza hadi nikachoka. Alipoinuka alitoa mfukoni chupa yake ya maji ya jeshini, imebonyea ubavuni, akaiweka mbele yangu.

"Inyooshe, shemeji," alisema. "Lakini usiifanye bi harusi."

Nimeianza leo, na weusi wake sijaugusa. Kadi nimeiandika kwa mwandiko wa ubaoni, naye ameipeleka kwenye kamati kwa mkono wake mwenyewe. Wakishaamua, nitakuandikia.