Mkono wa Chiriku

Chumba cha juu, duka la ushonaji,
Jumapili, 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa huko kwenye baridi la kiwanda? Mimi mzima, mgongo tu na cherehani havipatani. Mama naye anakula vizuri na kufoka vizuri. Mwanao Chiriku hana homa, yuko hai. Nimeanza na hilo makusudi. Sasa kaa chini, usome polepole.

Naogopa, mdogo wangu. Unigombeze, lakini soma mpaka mwisho.

Yale mabaka meupe ya Chiriku yalishafika kwenye vidole. Shuleni wenzake wakakataa kumshika mkono mchezoni, akawa anavaa sweta kwenye joto. Roho iliniuma. Fundi viatu wa hapa chini akanionyesha majani ya mtini: ponda, chuja, paka, kisha mtoto akae juani dakika tano, asizidishe. Eti binamu yake rangi ilimrudia. Nikamwamini, maana nilitaka kuamini.

Saa ya ukutani ilishakufa, na unanijua, dakika tano mimi hupima kwa pindo la shati. Pindo likiisha, dakika zimeisha. Siku nne mambo yakaenda sawa. Jumanne nikamkalisha uani, nikaanza kushona. Uzi ukakatika. Nikatunga, ukakatika tena. Mara nne! Nikawa naitukana cherehani, na kichwani mwangu bado ni pindo lile lile moja. Naye alitulia tuli, kwa kuwa nilimwambia asiondoke hadi nimwite.

Kesho yake mkono ulikuwa mwekundu, keshokutwa yake malengelenge matupu. Nilikimbilia hospitali na kiatu cha mguu mmoja cheusi, cha pili cha kahawia.

Daktari wa ngozi hakunifokea, na heri angenifokea. Kumbe utomvu wa majani yale ukikutana na jua huunguza. Alisema wataalamu kweli wanachunguza dawa za mimea za kurudisha rangi ya ngozi, ila kwa vipimo, na wenyewe bado hawana uhakika. Halafu akasema kidonda chenyewe kinaweza kuacha baka jipya. Tusubiri wiki sita.

Kila asubuhi nafungua bandeji nitazame kama kuna baka jipya. Mama nimemdanganya kwamba ni chai iliyomwagika. Wewe nimeshindwa kukudanganya.

Chiriku aliyekuwa hanyamazi, siku hizi hasemi. Jana nikamuuliza kwa nini hakuniita jua lilipoanza kumchoma.

"Mama mkubwa, nilidhani ndiyo rangi inarudi."

Tangu hapo sijagusa pindo.

Piga simu dukani Jumamosi asubuhi. Nitapokea mwenyewe, hata kama ni matusi. Msalimie shemeji na wenzako wa chumbani. Mama anakusalimu sana. Mungu akufunike huko uliko, na amwangalie huyu uliyeniachia mikononi.

Dada yako, akupendaye na leo akuogopaye.