Dada, Siku Ile Nilicheka

Dada Leokadia, shikamoo.

Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, nilikupoteza wewe, na Mama Angelina mjane akapoteza bonde lake la viazi. Vyote viwili katika mkutano mmoja wa kijiji, hapa hapa Ntobeye, na katika vyote viwili mkosaji ni mimi.

Unakumbuka Jumatano iliyotangulia. Jumuiya ilisali kwako, tumekaa juu ya majani uliyotandaza sebuleni. Uligawa nia za maombi kama kawaida yako: huyu wagonjwa, yule wafungwa. Mimi ukanipa viongozi. Nikapaza sauti, "Bwana, utupe viongozi wa haki, nasi utupe ujasiri wa kuwaambia ukweli." Watu kumi na wanne tukaitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Mlangoni ukanitania, "Leo umeomba kama padre. Angalia usije ukajibiwa."

Siku tatu tu, tukajibiwa. Mkutanoni mwenyekiti wa kijiji alisema bonde la Mama Angelina halina mwenyewe, apewe shemeji yake yeye mwenyekiti alilime. "Anayepinga anyooshe mkono." Mama Angelina mwenyewe aliogopa. Kati yetu kumi na wanne ulipanda mkono mmoja, wa kwako.

Mwenyekiti akakuuliza, "Mama, unapinga au unaanika kwapa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, dada.

Njiani uliniuliza jambo moja tu: "Wewe hodari wa hesabu, ulicheka kwa meno mangapi?"

Sababu ninayo. Nilikuwa nasubiri muhuri wa mwenyekiti kwa ajili ya kiwanja cha mashine ya kusaga. Tofali za kukijengea nilifyatua mwenyewe, hakuna aliyenisaidia hata kukanyaga udongo. Nikapiga hesabu, nikaona nikipinga nabaki na tofali. Hesabu ilikuwa sahihi, muhuri nikapata. Sasa Mama Angelina ananiletea muhogo wa kununua nimsagie, yeye aliyekuwa akitugawia viazi. Kabla sijatoa shikamoo, ananitangulia: "Habari za kazi, mwanangu?"

Jumatano iliyopita alipewa nia ya wenye mateso. Nilidhani atajiombea. Akasema, "Tumwombee mwenye mashine, siku hizi hana raha." Kumi na wawili wakaitikia. Katika hesabu hiyo mimi simo.

Lakini na wewe, dada! Ulihamia kwa mwanao kule Nyabusozi, ukaaga mpaka watu wa ng'ambo ya mto. Mimi wa tumbo moja ukanipita. Nimepiga simu mara saba, hukupokea hata moja. Jambo hilo limeniuma, na silifichi. Ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi, na jumuiya nzima nitaisomea.

Nimepeleka lalamiko baraza la kata. Wanakaa Jumatatu ijayo. Nitaeleza nilichokiona, na kicheko changu nitakitaja. Mwenyekiti atanifungia njia, najua. Naogopa, na nitakwenda. Ila mume wa Mama Angelina alipopima mpaka wa bonde lile alikuwa na mashahidi watatu. Wawili tumewazika. Umebaki wewe. Bila wewe, mimi ni mtu aliyenyamaza mwaka mzima, sasa anapiga kelele.

Sikuombi unisamehe kwanza. Hilo lichukue muda wake. Nauliza moja: Jumatatu utakuja kumtolea Mama Angelina ushahidi, ndiyo au hapana? Nijibu kwa kinywa chako, usimtume mwanao, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Ni mimi, mdogo wako.